Nataka kugombea umeya wa Nakuru: karatasi huchukuliwa wapi?

*"Nina duka la vifaa vya ujenzi huku Shabab, Nakuru, mwaka wa 14 sasa. Watu huniita Mama Mabati. Tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji nimekuwa nikijiuliza mbona sisikii mtu akitangaza kugombea umeya. Dada yangu anaishi Kampala na huko meya hupigiwa kura na wananchi. Mtaro wa mbele ya duka langu umeziba tangu mwaka juzi. Leseni nalipa kila Januari, lakini mvua ikinyesha maji yananifikia hadi kwenye simiti. Nimechoka kulalamika. Wateja wananiambia nijitose, na chama chetu cha akina mama kina watu 60 walio tayari kunizungushia kampeni. Nimezaliwa Nakuru ila nimeolewa Vihiga na kura yangu iko huko. Digrii sina, nina diploma ya biashara. Kaunti huniagiza vifaa mara moja moja nikibahatika kupata tenda. Nimewaza kuweka hati ya ploti yetu ya Lanet benki nipate pesa za kampeni. Karatasi za umeya huchukuliwa wapi, na mtu kama mimi anatosha?"*

Mama Mabati, pole kwa simiti iliyolowa. Mfuko ukishashika maji hauuzi tena, na leseni hairudishi hasara hiyo. Nianze na jibu ambalo hutalipenda: karatasi za umeya hazichukuliwi popote, kwa sababu Kenya haina kiti cha meya cha kugombewa. Hakipo Nakuru, hakipo Kisumu, hakipo Eldoret, hata Nairobi hakipo. Usijione mjinga kwa kutolijua hilo. Kila mwaka wa kampeni unapokaribia napata watu wawili watatu wanaoniuliza swali hili hili, na mmoja wao alikuwa tayari ameshachapisha fulana.

Kabla ya 2013 nilikuwa karani wa kamati katika baraza moja la manispaa huku magharibi, kwa hivyo umeya nimeuona kwa karibu, mkufu wa dhahabu na joho jekundu na yote. Watu wengi wanaukumbuka umeya kana kwamba wao ndio waliokuwa wakimchagua meya. Sivyo. Wewe ulimchagua diwani wa wadi yako, basi. Madiwani wakishaapishwa ndio waliokaa ukumbini na kumchagua meya kwa kura ya siri. Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu mwaka 1965 na mwanamke wa kwanza nchini kuvaa mkufu huo, alipita njia hiyo ya barazani. Kura ya wananchi wote wa mji aliiomba baadaye, 1969, alipogombea ubunge na kushinda.

Na kwa kuwa waliochagua meya walikuwa watu ishirini au thelathini tu, uchaguzi wenyewe ulikuwa na vituko vyake. Nakumbuka jioni moja madiwani wa upande mmoja wakipakiwa kwenye matatu na kupelekwa hoteli ya mji wa mbali, simu zikakusanywa kwenye mfuko wa plastiki, wakalishwa nyama wakalala, wakarudishwa asubuhi moja kwa moja hadi mlango wa ukumbi. Waliwafungia ili upande wa pili usiwafikie usiku na bahasha. Sisi makarani tulikuwa tukihesabu kura huku tukijua matokeo. Kwa hiyo ukisikia mtu akilia kwamba enzi za meya mambo yalikuwa safi, mwulize alikuwa ameketi wapi.

Katiba ya 2010 iliondoa mfumo huo. Uchaguzi wa 4 Machi 2013 ulipokwisha, mabaraza yote 175 ya miji na wilaya yalivunjwa, na kazi zao zikahamia kwa serikali za kaunti 47. Masoko, leseni za biashara, takataka, taa za barabarani, maegesho, barabara za kaunti na mitaro yake, vyote hivyo Jedwali la Nne la Katiba limeviweka mikononi mwa kaunti. Madaraka aliyokuwa nayo meya hayakutoweka. Yalipanda ngazi moja juu yakamfikia gavana na mawaziri wake wa kaunti, na sehemu ikaenda kwa bunge la kaunti.

Sasa utaniuliza: na hili jiji tulilosherehekea 1 Desemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipokuja kutukabidhi hati, lilileta nini? Lilileta cheo cha mji na bodi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, iliyorekebishwa 2019 na kushusha kiwango cha watu wa jiji kutoka nusu milioni hadi 250,000, inasema jiji liongozwe na bodi isiyozidi watu 11 pamoja na meneja wa jiji. Bodi hiyo haipigiwi kura na wananchi. Baadhi ya wajumbe huomba nafasi kwa ushindani kama mtu anavyoomba kazi, wengine hupendekezwa na makundi yanayotajwa na sheria: vyama vya wataalamu, sekta ya kibinafsi, wafanyabiashara wadogo wa jua kali na vibanda, na vyama vya wakazi wa mitaa. Serikali ya kaunti ndiyo inayowateua. Wao wenyewe huchagua mwenyekiti miongoni mwao. Huyo mwenyekiti ndiye anayekaribia kuwa meya wako, lakini hana joho, hana mshahara, ana marupurupu ya vikao tu, na kazi yake si ya kutwa nzima.

Meneja wa jiji ni mwajiriwa. Anatakiwa awe na digrii na uzoefu wa muda mrefu wa usimamizi. Kiti hicho hakiombewi kura, huombwa kama kazi, kwa hivyo kwa diploma yako tukiache.

Dada yako wa Kampala hakukudanganya. Kule Uganda sheria ya 2010 ya mji mkuu iliwapa wakazi nafasi ya kumchagua Meya Mkuu moja kwa moja, na Erias Lukwago alishinda kiti hicho 2011. Lakini sheria hiyo hiyo iliweka pembeni yake mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na rais, na huyo ndiye aliyeshika mafaili na hela. Ule mvutano wa Lukwago na mkurugenzi huyo, Jennifer Musisi, ulichukua miaka, mmoja akisema amechaguliwa na watu, mwingine akisema sheria imempa yeye ofisi. Nakutajia hilo ili ujue kwamba hata panapokuwa na meya wa kura, swali la kuuliza si nani anaitwa meya. Uliza nani anatia sahihi malipo ya mkandarasi wa mtaro.

Na tukifika kwenye mtaro, hapo ndipo ningetaka uketi kidogo. Kwa barua yako, umeya unautaka kwa sababu ya mtaro. Basi tujue mtaro ni wa nani. Mtaro hufuata barabara. Barabara ikiwa ya kaunti, mtaro wake unazibuliwa na idara ya barabara ya kaunti, au na jiji ikiwa kaunti imekasimu kazi hiyo kwa bodi. Barabara ikiwa chini ya KURA, ile mamlaka ya taifa ya barabara za mijini, basi hata gavana akija na jembe lake mwenyewe atakuwa anafanya kazi ya mtu mwingine, na fedha za kuitengeneza zinatoka Nairobi. Nimeshawahi kumwona MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, akitukanwa miaka mitano kwa sababu ya shimo lililokuwa kwenye barabara ya KeNHA, mamlaka ya taifa ya barabara kuu. Maskini hakuwa na uwezo hata wa kulimwagia kifusi. Kabla hujagombea lolote, nenda ofisi ya jiji ukaulize barabara inayopita mbele ya duka lako imeorodheshwa chini ya nani. Ukipata jibu kwa maandishi umepata zaidi ya walichonacho wengi wa wanaosema jukwaani kwamba wataitengeneza.

Tuseme ni ya kaunti. Fedha za kuzibua mtaro huingia kwenye bajeti kwa kalenda ambayo wafanyabiashara wengi hawaijui, na mimi naamini kutoijua kunawaumiza kuliko kukosa meya. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha unafika kabla ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti yanafika kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukienda kupiga kelele Novemba wakati wa mvua za vuli, umechelewa kwa mpango wa mwaka ujao na mwaka huu hela zimeshagawanywa. Ada za leseni unayolipa Januari nazo huamuliwa kwenye mswada wa fedha wa kaunti, na lazima wananchi waulizwe maoni kabla haujapita. Vikao hivyo huitishwa kwa tangazo dogo gazetini na kwenye kuta za ofisi. Wanaofika ni wazee wachache na vijana waliosikia kuna soda. Wewe hukufika hata siku moja, au siyo? Sikulaumu. Duka halifungwi Jumatano saa nne.

Kuna meza nyingine ambayo ningependa wafanyabiashara waijue: jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, linalotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Gavana ndiye mwenyekiti, mawaziri wake wanakaa upande mmoja, na upande wa pili wanakaa watu wasio wa serikali wenye idadi sawa na hao, wakiwakilisha wataalamu, biashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee na makundi ya dini. Mwanamke mwenye biashara ana milango miwili ya kuingilia hapo. Uzito wa jukwaa hilo hutofautiana kaunti na kaunti, na mahali pengine ni la kutia sahihi tu. Bado ni bora kuliko kulalamikia simiti ukiwa nyuma ya kaunta.

Haya, tuje kwenye kura. Ukitaka kiti cha kuchaguliwa chenye mkono kwenye mambo ya jiji, una viti viwili. Ugavana, na uwakilishi wadi, yaani MCA. Uchaguzi ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027.

Ugavana unahitaji digrii. Hilo Sheria ya Uchaguzi imelisema na halijabadilika, kwa hiyo kwa sasa umefungwa nje. Na hata ungekuwa nayo ningekusihi ungoje. Kaunti ya Nakuru ina maeneo bunge 11 na wapiga kura zaidi ya milioni moja, kutoka Molo hadi Naivasha, kutoka Kuresoi hadi Gilgil. Mtu wa Mau Narok hajui Mama Mabati ni nani, na mtaro wa Shabab haumkoseshi usingizi. Umeya wa zamani ulikuwa wa mji. Ugavana ni wa mji na mashamba, na kura za mashamba ni nyingi. Ndiyo maana jiji hulalamika kwamba limesahauliwa hata gavana akiwa anaishi humo humo.

Kwa MCA, digrii haihitajiki. Lilikuwepo sharti hilo kwenye sheria, Mahakama Kuu ikalitupa mwaka 2021. Diploma yako inatosha na inabaki. Ada ya IEBC, tume ya uchaguzi, katika uchaguzi uliopita ilikuwa shilingi 5,000 kwa kiti hicho, na wanawake, vijana na walemavu walilipa nusu. Ada za chama ni kando, na huwa juu zaidi. Ukienda kama mgombea huru, unahitaji wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo wakuunge mkono kwa sahihi, na uwe hujawa mwanachama wa chama chochote cha siasa kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Hapa kuna mtego. Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvisikia, mtu tu alikuwa na nambari zao za kitambulisho. Ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za Msajili wa Vyama vya Siasa uangalie jina lako liko wapi. Likiwa mahali usipopajua, jiondoe mapema na uhifadhi uthibitisho.

Kura yako ya Vihiga isikunyime usingizi kisheria. Kifungu cha 193 cha Katiba kinataka uwe mpiga kura aliyeandikishwa, hakisemi uwe umeandikishwa kwenye wadi unayoigombea. Kisiasa ni jambo lingine kabisa. Mpinzani wako atasimama kwenye steji ya boda boda aulize: "Huyu anaomba kura ambayo yeye mwenyewe hawezi kujipigia?" Watu watacheka, na wewe utakuwa umeisha. Nenda mwenyewe na kitambulisho ofisi ya IEBC ya eneo bunge unalohamia, uhamishe kura kabla daftari halijafungwa. Ongea na mume wako na wakwe kwanza, maana nyumbani Vihiga kura ya mke ni hesabu ya watu, na utaulizwa sababu.

MCA ana kazi gani? Kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti, kuwahoji watendaji, na kuwasemea watu wa wadi. Hana mkoba wa kujengea. Mradi wa wadi unawekwa kwenye bajeti ya kaunti na unatekelezwa na idara. Nakuru ina wadi 55, na 11 tu ndizo za maeneo bunge mawili ya mjini, Nakuru Mjini Mashariki na Nakuru Mjini Magharibi. Ukiingia kutoka Shabab utakuwa na majirani wa Kaptembwo, Rhoda, London, Barut na Kapkures, mkiwa sita upande wenu. Mtalazimika kutafuta kura za wajumbe wa mashambani ili mtaro wa mjini upite, na nao watataka kitu kwa dipu ya ng'ombe na barabara ya maziwa. Wewe mfanyabiashara unajua kubembeleza, hilo sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni subira. Dukani ukisema toa mifuko kumi, inatoka. Kule utasema toa, na itapita kamati, kikao, mwanasheria, mhasibu, halafu fedha zicheleweshwe Nairobi miezi mitatu.

Sasa mambo ambayo hukuyauliza na ndiyo yanayonitia hofu.

La kwanza ni zile tenda. Ukiwa MCA wewe ni afisa wa dola, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inazuia taasisi ya umma kufanya mkataba na afisa wa umma. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 imekaza zaidi. Ukiwa mjumbe wa bodi ya jiji, biashara yako unaendelea nayo, kwani bodi si kazi ya kutwa, lakini kuiuzia taasisi unayoiongoza ni kujitafutia EACC, tume ya kupambana na ufisadi, mlangoni. Usidhani kuandika kampuni kwa jina la binti yako kumetatua. Kaa na wakili umwonyeshe vitabu: mauzo kwa kaunti ni sehemu gani ya mapato yako ya mwaka? Ikiwa ni kidogo, achana nayo. Ikiwa ndiyo inayolipa kodi ya duka, basi gharama ya uongozi kwako ni kubwa kuliko unavyodhani, na ni heri kuijua sasa.

La pili ni wateja. Unasema wanakuhimiza ujitose. Mteja wa duka na mpiga kura ni watu wawili tofauti hata wakiwa na uso mmoja. Siku utakayotangaza, daftari lako la madeni litabadilika tabia. Fundi aliyechukua nondo akaahidi kulipa mwisho wa mwezi atakuambia, "Mheshimiwa, si tuko pamoja?" Ukimdai, umekuwa mbaya. Usipomdai, umemlipa kura. Mama wa kanisa atataka mabati kumi ya jikoni la kanisa, kikundi cha vijana kitataka rangi, kila mazishi yatakutaja. Zawadi kwa wapiga kura ili wakupigie zinaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, hata kama kila mtu anafanya. Nilimjua mtu wa mji mwingine aliyekuwa na duka kama lako, zuri kabisa. Alipata kura elfu na mia kadhaa, akashika nambari tatu, na alipofungua stoo baada ya uchaguzi alikuta rafu na ratili. Hakuibiwa. Aligawa mwenyewe, mfuko mmoja mmoja.

Ukiamua kugombea, duka lipe meneja na hesabu yake, kampeni ipe akaunti yake, na madeni yote ya zamani yafungwe kwa maandishi kabla hujatangaza. Hata kalamu isitoke dukani kwenda kampeni bila risiti.

La tatu ni chama chenu. Watu 60 ni jeshi zuri la kuanzia. Kila mmoja akikuletea sahihi kumi za wadi yenu, umepita zile 500 na akiba juu. Lakini sahihi si kura, na nina hakika baadhi ya hao 60 wanapiga kura Bahati, Njoro au kwao mashambani kama wewe. Wahesabu kwa kadi, usiwahesabu kwa vichwa. Na pesa za chama ziache pale pale zilipo. Ni za watu, kila mmoja na ada ya mtoto wake.

La nne ni hati ya Lanet. Umeandika "ploti yetu", na neno hilo limenisimamisha. Kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema benki haiwezi kuishika bila ridhaa ya mwenzi wako. Hata kama ni ploti tupu, sikushauri. Mkopo wa biashara unalipwa na bidhaa iliyouzwa. Mkopo wa kampeni unalipwa na nini? Ukishindwa, unalipwa na duka. Ukishinda, mshahara wa MCA utaanza kumezwa na benki mwezi wa kwanza, na ndipo mtu wa tenda atakapokuja na tabasamu lake. Wengi ninaowafahamu waliochafuka hawakuingia wakiwa wezi. Waliingia wakiwa na deni.

Basi mimi ningekuwa wewe ningefanya nini? Ningeanza na bodi au lile jukwaa la bajeti, nikiacha MCA ije baadaye. Kwa bodi unafaa kabisa: ni raia, umezaliwa humo na unafanya biashara ndani ya jiji mwaka wa 14 sasa. Unachokosa ni chama chenye cheti cha usajili kitakachokupendekeza. Nenda kwa wenzako wa vifaa vya ujenzi, wa mitumba, wa jikoni, mjiunge na chama cha wafanyabiashara kilichosajiliwa au mwanzishe chenu, muandike kumbukumbu za mikutano. Siku nafasi za bodi zikitangazwa muwe mmeshajipanga. Muhula ni miaka mitano. Utajifunza mafaili yanavyotembea bila kuuza hata mfuko mmoja kwa hasara. Bodi ina udhaifu wake na sitauficha: hela zake hutoka kaunti, na kaunti ikikasirika bodi hukaa bila ya kufanyia kazi. Miaka ile KUSP, mradi wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji ya Kenya, ulipoanza kutoa fedha kwa miji yenye hati, bodi na meneja, ndipo kaunti nyingi zilipokumbuka kwamba zinatakiwa kuwa na bodi.

Ila usizichanganye njia hizi mbili. Ukikaa kwenye bodi kisha moyo ukakwambia ugombee, afisa wa umma anatakiwa ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Kwa Agosti 2027 hiyo ni mwanzoni mwa Februari. Ukipitisha tarehe, mpinzani wako atakungojea kortini.

Na ukiniambia, la, mimi damu yangu ni ya kura, nataka wadi, sitakukataza. Kuna kitu kimoja nakiona kwenye barua yako ambacho wagombea wengi hawana: una jambo moja mahususi unalolijua kwa harufu. Jambo hilo litakutosha kuanzia. Tiketi ya chama kikubwa ndiyo huamua mengi huku kwetu, Nakuru kama Kisumu, na mchujo wa vyama ni mchezo mchafu kuliko uchaguzi wenyewe. Ukiutaka, ingia mapema uonekane ofisini kwao wakati hakuna kampeni.

Wiki hii fanya safari tatu. IEBC ya Nakuru Mjini Magharibi, waulize kuhusu kuhamisha kura na masharti ya sasa ya uteuzi, kwa kuwa ada na tarehe huchapishwa upya kila uchaguzi. Wakili, na nenda na vitabu vya tenda vya miaka mitatu. Halafu ofisi ya jiji, ukaulize ile barabara ni ya nani na bodi itajazwa lini. Ukifika kwenye kaunta wakakuzungusha, acha barua, na nakala yako igongwe muhuri wa tarehe. Na kabla ya mvua kuanza, inua simiti juu ya mbao, inchi sita kutoka sakafuni, maana mtaro huo hautazibuliwa kabla ya Julai hata kaunti ikianza leo.